Korti ya Katiba iliulizwa swali moja, ikajibu lingine: namna ya kusoma hukumu iliyoletea Haut-Katanga komiseri maalum

LUBUMBASHI – Mkaaji wa Lukafu aliuanza mwaka 2015 akiwa katika jimbo la Katanga, akaumaliza akiwa katika jimbo la Haut-Katanga. Hakuhama nyumba. Kilichohama ni mpaka wa jimbo, na pamoja na mpaka akabadilika pia mwenye kuongoza. Gavana aliyetokana na kura za wabunge wa jimbo aliondoka, na mahali pake akaja komiseri maalum aliyetajwa kutoka Kinshasa. Lakini mtu akiipekua Katiba ya inchi toka mwanzo mpaka mwisho, hakuna kifungu hata kimoja chenye kutaja komiseri maalum wa jimbo.

Cheo hicho kilitoka wapi basi? Mlango wake ulifunguliwa na hukumu moja ya Korti ya Katiba, yenye namba R.Const 0089/2015, iliyotolewa tarehe 8 Septemba 2015. Zaidi ya miaka kumi imepita. Watu wengi wa Lubumbashi, Kolwezi, Kalemie au Bunia bado wanazungumza juu ya makomiseri wale. Walioisoma hukumu yenyewe ni wachache sana.

Jambo hilo si la wanafunzi wa sheria peke yao. Tangu Raisi Félix Tshisekedi alipotangaza kule Kisangani, Oktoba 2024, kwamba anataka kuunda kamati ya kutayarisha katiba mpya, mjadala juu ya Katiba haujatoka midomoni mwa watu. Kila upande unasema Katiba iko pamoja nao. Siku moja swali litafika tena mbele ya Korti, na siku ile mwanainchi atahitaji kujua kusoma jibu kwa macho yake mwenyewe, bila kungoja msemaji wa chama amtafsirie.

Kuna chombo cha kazi hiyo, nacho hakiombi diploma: ni muhtasari wa hukumu, ule wanafunzi wa kitivo cha sheria wanaita fishi. Ni ukurasa mmoja au miwili wenye kujibu maswali machache. Nani alienda kortini? Kulitokea nini? Aliuliza nini? Korti ilijibu nini? Kwa sababu gani? Na kisha, jambo gani lilibadilika katika maisha ya watu? Hukumu ya 2015 ni ya kufaa sana kwa zoezi hilo, kwani ndani yake swali na jibu havifanani.

Anza na kitambulisho

Mstari wa kwanza wa muhtasari ni jina la korti, namba ya hukumu na tarehe. Inaonekana kama jambo dogo, lakini ndiyo njia ya kuzuia uongo. Mtu akisema kwenye redio kwamba Korti ilishaamua jambo fulani, swali la kwanza la kumuuliza ni hili: hukumu ya namba gani, ya tarehe gani? Akikosa jibu, maneno yake yabaki kuwa maoni yake.

Tarehe inasaidia pia kuona hali ya wakati ule. Korti ya Katiba iko ndani ya Katiba ya 18 Februari 2006, lakini sheria ya kuipanga ilitoka tarehe 15 Oktoba 2013, na majaji wake wa kwanza waliapishwa Aprili 2015. Mbele ya hapo, Korti Kuu ndiyo iliyokuwa inafanya kazi yake. Kwa hiyo, Septemba 2015, Korti ilikuwa na miezi mitano tu tangu kuzaliwa. Majaji wake ni tisa: watatu wanachaguliwa na Raisi wa Jamhuri mwenyewe, watatu wanapendekezwa na Bunge, watatu na Baraza Kuu la mahakimu. Muda wao ni miaka tisa, haurudiwi.

Mambo yaliyotokea

Sehemu ya pili ya muhtasari ni matukio, na kanuni yake ni moja: andika tu yale ambayo bila hayo hukumu haiwezi kueleweka.

Katiba ya 2006 ilisema inchi itakuwa na majimbo 25 pamoja na mji wa Kinshasa. Wakati ule majimbo yalikuwa 11, Kinshasa ikiwa ndani ya hesabu. Mpango wa kwanza ulikuwa kuyagawanya ndani ya miezi 36 baada ya taasisi mpya kuanza kazi. Miezi ile ilipita bila kitu, na marekebisho ya Januari 2011 yakaiachia sheria maalum kazi ya kupanga namna na wakati.

Sheria hiyo ilitoka tarehe 28 Februari 2015, ikiwa na namba 15/004. Mwezi uliofuata, tarehe 25 Machi, sheria nyingine ikachora mipaka. Majimbo sita yalipasuliwa: Bandundu, Équateur, Kasaï mbili, Orientale na Katanga. Yakazaliwa majimbo mapya 21. Katanga peke yake ilitoa manne: Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema hazikuguswa.

Kazi ilikwenda mbio. Wabunge wa jimbo la zamani waligawanywa kufuatana na mahali walikochaguliwa, wakawa mabunge ya majimbo mapya. Kilichobaki ni kuchagua magavana, kazi ya Tume ya uchaguzi, CENI. Hapo ndipo mambo yalikwama. CENI ilikuwa imeshatangaza kalenda tarehe 12 Februari 2015, yenye kuweka uchaguzi wa majimbo na wa mitaa tarehe 25 Oktoba 2015, na wa Raisi tarehe 27 Novemba 2016. Sasa iliombwa kuingiza ndani yake uchaguzi wa magavana 21, wakati pesa hazionekani. Tarehe iliyowekwa ikasogezwa. Majimbo mapya yalikuwa na mabunge, lakini hayakuwa na serikali.

Tukio moja zaidi halipashwe kukosa katika muhtasari. Wale wabunge wa jimbo waliongojewa kuchagua magavana, wao wenyewe walichaguliwa tarehe 29 Oktoba 2006. Muda wao wa miaka mitano ulikuwa umekwisha tangu zamani, lakini mwaka 2011 uchaguzi wa majimbo haukufanyika. Ni kusema, swali la nani ana haki ya kumchagua gavana wa Haut-Katanga lilikuwa na mizizi mirefu kuliko mgawanyo wa 2015.

Swali lilikuwa gani?

Sehemu ya tatu ndiyo moyo wa muhtasari, na ndipo wengi wanateleza. Mtu anaandika: Korti iliulizwa kama makomiseri maalum wanakubaliwa na Katiba. Hapana. Hakuna aliyeuliza hivyo.

Aliyeenda kortini ni CENI. Iliomba Korti itafsiri vifungu vya sheria mbili: kifungu cha 10 cha ile sheria ya Februari 2015 juu ya majimbo mapya, na kifungu cha 168 cha sheria ya uchaguzi, chenye kuhusu uchaguzi wa magavana. Shida yake ilikuwa ya kalenda: uchaguzi gani utangulie, na tarehe zifanywe nini ikiwa haziwezekani tena.

Mwenye kuandika muhtasari ajihadhari hapa na mtego mmoja. Namba 168 inapatikana mahali pawili katika habari hii. Kuna kifungu cha 168 cha sheria ya uchaguzi, ambacho CENI iliomba kitafsiriwe. Na kuna kifungu cha 168 cha Katiba, ambacho ni kitu kingine kabisa: chenyewe kinasema kwamba hukumu za Korti ya Katiba hazina rufani, zinatekelezwa mara moja, na zinawafunga wakubwa wote wa serikali, raia na wanajeshi, pamoja na watu binafsi. Mwandishi asiyetaja jina la sheria pamoja na namba ya kifungu atawapoteza wasomaji wake, na hata yeye mwenyewe.

Baada ya swali, tazama mlango. Nani ana ruhusa ya kuomba Korti itafsiri Katiba? Kifungu cha 161 kinatoa orodha: Raisi wa Jamhuri, Serikali, maraisi wa Seneti na wa Bunge, sehemu moja kwa kumi ya wabunge au ya maseneta, magavana wa majimbo na maraisi wa mabunge ya majimbo. CENI haimo. Tena, kifungu hicho kinazungumza juu ya kutafsiri Katiba. Hakitaji kutafsiri sheria ya kawaida.

Jibu: soma kuanzia mwisho

Maavoka wenye uzoefu huanza kusoma hukumu kwa kurasa za mwisho, pale penye maneno ya Kifaransa yanayojulikana: par ces motifs, yaani kwa sababu hizo. Yanayotangulia ni maelezo. Yanayofuata ndiyo amri.

Katika hukumu ya 2015, Korti ilikubali kwamba kutafsiri vifungu vile vya sheria ya kawaida si kazi yake. Kama ingesimama pale, hukumu ingekuwa fupi, na leo hakuna ambaye angeikumbuka. Lakini haikusimama. Ilisema kwamba ina pia kazi ya kuratibu maisha ya kisiasa na mwendo wa taasisi za inchi, na kwamba haiwezi kutazama tu majimbo yakikaa bila uongozi. Ikatambua kuwa CENI imezuiwa na sababu kubwa isiyoepukika, ile maavoka wanaita force majeure. Kisha ikatoa amri tatu.

Ya kwanza: Serikali ichukue bila kukawia hatua za pekee, za muda, ili kulinda usalama na kuhakikisha kazi za serikali zinaendelea katika majimbo mapya, mpaka magavana wachaguliwe. Ya pili: Serikali iipatie CENI njia za kupanga uchaguzi huo. Ya tatu: CENI itazame upya, kwa uhuru wake, mwendo wote wa uchaguzi kufuatana na kalenda yake ya 12 Februari 2015.

Neno komiseri halimo katika amri hizo. Korti ilisema hatua za pekee. Ni wakubwa wa Kinshasa walioamua kwamba hatua hizo zitakuwa na sura ya watu. Mwisho wa Oktoba 2015, kwa ordinansi ya Raisi Joseph Kabila, kila jimbo kati ya yale 21 lilipewa komiseri maalum mmoja na wasaidizi wawili. Haut-Katanga ilipata Jean-Claude Kazembe Musonda. Muhtasari mzuri unatenganisha mambo mawili hayo: kile Korti ilichoamuru, na kile wengine walichofanya kwa jina la amri ile. Mwenye kuyachanganya anaibebesha Korti mzigo ambao si wake wote, au anawapa wanasiasa kinga wasiyopewa na majaji.

Sababu za Korti zinapimwa namna gani?

Kupima sababu si kusema tu hukumu ni nzuri au mbaya. Muhtasari wa haki unaweka kwanza hoja ya Korti katika nguvu yake yote.

Hoja hiyo si nyepesi. Bunge lilipiga kura ya sheria iliyofuta majimbo ya zamani, kisha njia za kusimamisha mapya hazikufuata. Polisi, walimu, wauguzi na wenye kukusanya kodi walihitaji mkubwa wa kuweka sahihi. Katanga ilikuwa jimbo la migodi. Mwezi mmoja bila kiongozi ungeweza kuleta fujo katika pesa za umma. Tena, gavana wa Katanga tangu 2007, Moïse Katumbi, aliacha kazi na chama chake mwisho wa Septemba 2015. Jaji aliyefikiri kwamba kunyamaza ni hatari zaidi kuliko kusema hakuwa anaota ndoto.

Upande wa pili nao una uzito. Kwanza, nguvu ya kuratibu maisha ya kisiasa imeandikwa wapi? Katika Katiba ya Bénin, kifungu cha 114 kinasema wazi kwamba Korti ya Katiba ya inchi ile ni chombo cha kuratibu mwendo wa taasisi. Katika Katiba ya Kongo, vifungu vya 160 mpaka 164, ambavyo vinahesabu kazi za Korti, havina maneno hayo. Korti ilijipa kazi ambayo orodha yake haitaji.

Pili, kifungu cha 198 cha Katiba kinasema gavana anachaguliwa na wabunge wa jimbo, kwa muda wa miaka mitano. Gavana wa namna hiyo anajibu mbele ya bunge la jimbo, na bunge linaweza kumwangusha. Komiseri aliyetajwa kwa ordinansi anajibu kwa aliyemtaja. Wakaaji wa Lukafu, Kasumbalesa au Kipushi hawakuwa na mbunge mwenye uwezo wa kumwondoa.

Tatu, sababu isiyoepukika ni nini? Tetemeko la ardhi haliepukiki. Lakini pesa ambazo serikali haikuzitoa, na kalenda iliyojazwa kupita kiasi, ni kazi ya mikono ya watu. Ikiwa mwenye kukosa kulipa ndiye anayefaidika na kukosekana kwa uchaguzi, force majeure inakuwa malipo ya uzembe.

Mwandishi wa muhtasari si lazima achague upande. Analazimika kuonyesha mahali hasa hoja zinapoachana. Hapa zinaachana mahali pamoja: je, Korti inaweza kutoa jibu kwa sababu tu inchi inalihitaji, hata kama swali halikuja kwa mlango wake?

Matokeo hayakuishia kwa makomiseri

Tarehe 26 Machi 2016, magavana walichaguliwa katika majimbo mapya. Haut-Katanga ilimchagua yule yule aliyekuwa komiseri wake, Kazembe Musonda. Waliopiga kura ni wabunge waliotoka katika uchaguzi wa 2006. Ni kusema, hatua ya muda ilidumu karibu miezi mitano, lakini ilimpa mtu mmoja nafasi ya kuanza mbio akiwa ameshakaa kwenye kiti.

Amri ya tatu nayo ilikuwa na miguu mirefu. Kutazama upya mwendo wote wa uchaguzi maana yake ni kwamba kalenda ya Februari 2015 haikuwa tena ya lazima. Uchaguzi wa majimbo wa tarehe 25 Oktoba 2015 haukufanyika. Ule wa Raisi wa tarehe 27 Novemba 2016 haukufanyika pia. Si haki kusema hukumu ile peke yake ndiyo iliyozuia yote hayo. Ila mwenye kuisoma kwa makini mwezi ule wa Septemba angeona ufa ukianza, wakati wengine wote walikuwa wanabishana juu ya makomiseri peke yao.

Hukumu ya pili, kwa kulinganisha

Muhtasari mmoja ni mzuri. Miwili kando kando inafundisha zaidi. Tarehe 11 Mei 2016, Korti hiyo hiyo ilitoa hukumu R.Const 262. Safari hii waliouliza walikuwa wabunge wa upande wa Raisi Kabila, na walikuwa wengi kuliko sehemu moja kwa kumi inayoombwa na kifungu cha 161. Mlango ulikuwa sawa. Na waliomba Katiba yenyewe itafsiriwe, hasa kifungu cha 70.

Kifungu hicho kina sehemu mbili. Ya kwanza inasema Raisi anachaguliwa kwa miaka mitano, na muda wake unaweza kurudiwa mara moja tu. Ya pili inasema kwamba muda ukiisha, anabaki kazini mpaka Raisi mpya aliyechaguliwa asimikwe. Swali lilikuwa: ikiwa uchaguzi haukufanyika, nani anabaki? Korti ikajibu kwamba Raisi anabaki mpaka mwenye kuchaguliwa amfuate.

Wapinzani walisema sehemu ya pili iliandikwa kwa ajili ya siku chache kati ya kura na kiapo, si kwa ajili ya inchi ambayo haikupiga kura kabisa. Walitaja kifungu cha 75, chenye kumpa raisi wa Seneti uongozi wa muda ikiwa kiti kiko wazi. Upande wa pili ukajibu kwamba kiti hakiwezi kuwa wazi wakati aliyekikalia yuko hai na yuko kazini.

Lakini msomaji mwenye muhtasari mkononi angeuliza jambo jingine: hukumu haikusema nini? Haikuweka tarehe ya uchaguzi. Haikusema kubaki kutachukua siku ngapi. Muda wa Raisi Kabila uliisha Desemba 2016. Makubaliano ya Saint-Sylvestre ya tarehe 31 Desemba 2016 yalitafuta kujaza pengo lile. Kura zikapigwa tarehe 30 Desemba 2018. Kiapo kikafanyika tarehe 24 Januari 2019. Miaka miwili yote ilipita ndani ya nafasi ambayo hukumu iliiacha wazi.

Ukiziweka kando kando, hukumu hizo mbili zinatoa somo moja. Mwaka 2015 mlango haukuwa sawa, na jibu lilikuwa pana kuliko swali. Mwaka 2016 mlango ulikuwa sawa, lakini jibu lilikuwa na shimo lisilo na kipimo. Katika zote mbili, lililopewa jina la muda halikupewa mwisho.

Kwa nini jambo hili ni la leo

Watu wa mashariki wanajua vizuri neno la muda. Mwanzo wa Mei 2021, utawala wa kijeshi, ule état de siège, ulitangazwa katika Ituri na Kivu ya Kaskazini kwa siku 30. Magavana raia waliondolewa, wanajeshi wakachukua nafasi zao. Muda huo ukaongezwa tena na tena kwa miaka. Msingi wake ni mwingine, kwani Katiba inautaja utawala huo katika kifungu cha 85. Ila swali la mwanainchi ni lile lile: hatua ya pekee inaisha lini, na nani ana uwezo wa kuimaliza?

Uchaguzi wa Desemba 2023 haukufika Masisi, Rutshuru wala Kwamouth, kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Kisha, mwanzo wa 2025, Goma na Bukavu ziliingia mikononi mwa AFC/M23. Muda wa pili wa Raisi Tshisekedi unaelekea kwenye uchaguzi wa mwisho wa 2028. Hakuna haja ya kuwa nabii ili kuona maswali yanayoweza kwenda kortini. Je, vita ni sababu isiyoepukika? Je, inchi inaweza kupiga kura bila miji yake mikubwa ya mashariki? Kifungu cha 220, chenye kukataza kugusa hesabu na urefu wa muda wa Raisi, kina nguvu gani mbele ya wanaosema hawarekebishi Katiba ya zamani, bali wanaandika mpya?

Kwa kila swali, hukumu za 2015 na 2016 zitatajwa kama mfano. Atakayezijua kwa kusikia tu atameza kile anachopewa. Atakayekuwa na muhtasari wake ataweza kusema: hapana, mwaka ule Korti haikusema hivyo.

Mwanainchi naye ana mlango wake. Kifungu cha 162 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kuiomba Korti ipime kama sheria au uamuzi wa serikali unapingana na Katiba. Hiyo si nafasi ya wabunge peke yao. Lakini mwenye kuingia kwa mlango ule bila kujua kupanga matukio, swali na sababu, atarudi na karatasi inayosema ombi lake halikupokelewa.

Ukurasa mmoja mezani

Jina la Lukafu lenyewe linabeba kumbukumbu ya aina hii. Mbele ya Élisabethville kuanzishwa mwaka 1910, Lukafu ilikuwa chini ya Comité Spécial du Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1900 na kupewa uwezo wa kutawala inchi hii. Iliamuliwa kwa karatasi iliyosainiwa mbali, na hakuna mkaaji aliyeulizwa. Miaka 115 baadaye, mipaka ya jimbo na jina la mwenye kuliongoza vilitoka tena katika karatasi zilizoandikwa mbali. Tofauti ni kwamba safari hii karatasi ziliandikwa kwa jina la watu wa Kongo, na kila mmoja wao ana haki ya kuzisoma.

Mwalimu wa shule ya sekondari anaweza kulifanya zoezi hili pamoja na darasa lake. Shirika la raia linaweza kulifanya katika mkutano wa jioni, kwa Kiswahili, kwani hukumu zinatoka kwa Kifaransa, na hapo ndipo wengi wanaachwa njiani. Karatasi moja inatosha: kitambulisho, matukio, swali, mlango, jibu, sababu, matokeo. Na mwisho kabisa, mstari mmoja ambao vitabu vingi vya wanafunzi havina, lakini ambao historia ya Haut-Katanga inauomba: hukumu hii imeacha wazi nini, na nani anaweza kupita pale?

Kama mstari huo ungeandikwa na watu wengi Septemba 2015, pengine makomiseri wangekuja vile vile. Lakini Serikali ingejua kwamba kuna wanaohesabu siku.